Mtoto wa mbwa hajui choo, na fimbo yako haimwonyeshi

Nimepotea kidogo, si mnajua tena, bumu lilichelewa na majaribio yakafuatana bila huruma. Leo nimepata nafasi kwenye kimbweta, na badala ya kusoma nimeamua kutoa dukuduku nililotoka nalo nyumbani likizo. Linahusu watoto wa mbwa. Msicheke. (Na simtukani mtu hapa, nikisema mtoto wa mbwa namaanisha mtoto wa mbwa kweli, mwenye mkia.)

Kuna kauli nimeichoka. Nimeisikia kwetu Nambis, nimeisikia Mbulu mjini, na nimeisikia hapa hapa chuoni kutoka kwa watu ambao mwakani watakuwa wameshika chaki: "Mbwa bila fimbo hafundishiki." Akikojoa ndani, fimbo. Akinya jikoni, mshike shingo, msugue pua kwenye uchafu wake, halafu fimbo, halafu mtupe nje. Eti ndiyo anajifunza.

Mimi nasema HAPANA. Hajifunzi choo. Anajifunza kitu kingine kabisa, na hicho kitu kingine kinakuja kutugharimu sisi wenyewe, pamoja na watoto wetu. Naomba mnivumilie nieleze.

Kwa ambao hawajafika kwetu: Nambis ni kata ya Mbulu, juu kwenye milima, na baridi ya mwezi wa sita na wa saba si ya kusimuliwa. Asubuhi ukungu umetanda, huoni hata ng'ombe wako mwenyewe. Usiku fisi wanasikika. Mtoto wa mbwa wa wiki nane ukimwacha nje, asubuhi unaweza usimkute. Ndiyo maana hata familia ambayo haina mpango kabisa wa kuishi na mbwa ndani inamwingiza kwa miezi miwili mitatu ya mwanzo, jikoni au kwenye chumba cha magunia. Na ndani kuna nini? Kuna mahindi, kuna maharage, kuna vitunguu saumu vinavyosubiri bei ipande. Na kuna mtoto anayetambaa, anaokota kila kitu na kupeleka mdomoni. Kwa hiyo swali la mbwa ajisaidie wapi si anasa ya watu wa mjini wenye makochi. Kwetu ni swali la chakula na la afya.

Sasa angalia tunavyolijibu. Jirani yetu mmoja alikuwa na kitoto cha mbwa likizo hii. Kila asubuhi akiingia jikoni anakuta mambo sakafuni. Anakiburuta, anakisugua pua, anakichapa, anakitupa nje. Kila asubuhi, wadau. Baada ya kama wiki mbili sakafu ikawa safi. Akaniita kwa furaha: "Mwalimu, njoo uone, kimeanza kuelewa!" Siku chache baadaye walipohamisha magunia wakakuta choo kizima nyuma yake, na gunia la chini limelowa.

Ni kweli kilielewa. Kilielewa kwamba kujisaidia mbele ya binadamu ni hatari, basi kikatafuta mahali binadamu haoni. Kwa akili ya mbwa hilo ni jibu sahihi kabisa. Swali ndilo lilikuwa baya.

Tuanze na muda. Mbwa anaunganisha tendo na matokeo yake ikiwa matokeo yamekuja pale pale, ndani ya sekunde moja au mbili. Alikojoa saa kumi usiku, wewe unamchapa saa kumi na mbili asubuhi. Katikati ya hapo amelala, ameota, ameamka, amejinyoosha, na amekuja mlangoni anatikisa mkia kukusalimia. Unafikiri fimbo ile anaihesabu kwenye lipi? Anaihesabu kwenye lile la mwisho: ulipokuja, alipokukaribia, mkono wako ulipomshika. Wewe unadhani umechapa mkojo. Umechapa salamu.

Hapo najua kuna mtu atasema: "Lakini mbona anajua kosa lake? Mwangalie anavyoinamisha kichwa, anavyobana mkia!" Hii ndiyo hoja ninayoisikia kuliko zote. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, aliijaribu. Alichukua mbwa 14, wenye mbwa wakawakataza kula kitu fulani halafu wakatoka chumbani. Waliporudi wengine waliambiwa mbwa amekula wakati hajala, wengine waliambiwa hajala wakati amekula. Ile sura ya "nimekosa" haikufuata kosa, ilifuata kukaripiwa. Na mbwa ambao hawakuwa wamekula chochote, wakikaripiwa, walionyesha sura hiyo zaidi. Kwa hiyo ile sura ni ya kusema "umekasirika, tafadhali usiniumize". Ni hofu. Sisi tunaisoma kama kukiri kosa, halafu tunaongeza fimbo juu yake.

Jambo la pili, huyu kiumbe hana kosa lolote. Kibofu cha mtoto wa mbwa wa wiki nane ni kidogo na misuli yake haijakomaa. Makadirio ya kawaida ni kwamba mchana anaweza kujizuia saa moja hivi kwa kila mwezi wa umri wake, labda na kidogo juu yake. Miezi miwili, saa mbili tatu basi. Sasa umemfungia jikoni saa tatu usiku, umemfungulia saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni saa tisa! Hata wewe na digrii yako ukifungiwa saa tisa kwenye chumba kisicho na choo, sijui.

Jambo la tatu ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu nusu ya kazi ilishafanywa kabla hatujaingia. Wiki za mwanzo mama mbwa ndiye anayewalamba watoto wake ili wajisaidie, na anasafisha yeye mwenyewe, malazi yanabaki makavu. Wakifika kama wiki tatu, wakianza kutembea, wenyewe wanaanza kutoka pale wanapolala wakajisaidie pembeni. Hakuna aliyewachapa. Wanazaliwa na hali ya kutopenda kuchafua malazi yao. Halafu inapofika kama wiki ya nane na ya tisa wanaanza kuzoea aina ya mahali: aliyezoea nyasi atatafuta nyasi, aliyezoea sementi atatafuta sementi, aliyezoea nyuma ya magunia ndiyo hivyo tena. Kwa hiyo mama yake amekuletea mwanafunzi aliyekwisha kuanza somo. Wewe unalivuruga.

Sasa naomba niwageukie walimu wenzangu watarajiwa, maana ninyi ndio mnaonichosha zaidi kuliko jirani yangu.

Jirani yangu hajasoma saikolojia ya elimu. Sisi tumesoma. Tumemsoma Pavlov na mate ya mbwa wake. Tumemsoma Thorndike na paka wake wa mwaka 1898. Na kama hukulala kwenye muhadhara, unakumbuka kwamba Thorndike mwanzoni aliamini thawabu na adhabu zina nguvu sawa, moja inajenga na nyingine inabomoa, lakini miaka ya 1930 akajirekebisha mwenyewe: thawabu inaimarisha tendo, adhabu haifuti tendo kwa nguvu ile ile. Tumemsoma Skinner, kwamba adhabu inazuia tendo kwa muda, tena mbele ya anayeadhibu, bila kufundisha tendo la kuliweka badala yake. Haya tumeyaandika kwenye mitihani na wengine tumepata A. Halafu mtu huyo huyo mwenye A yake anarudi kwao likizo, anamshika mtoto wa mbwa shingo na kumsugua pua kwenye mavi. Sasa ile A ilikuwa ya nini?

Msinielewe vibaya, silinganishi mwanafunzi na mbwa. Nalinganisha mkono ulioshika fimbo, maana mkono ni ule ule. Huko shuleni angalau kuna kanuni: tangu mwaka 2002 viboko havitakiwi kuzidi vinne, anatoa mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na vinaandikwa kwenye daftari maalumu. Mimi hata hivyo vinne sivitaki, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine. Mtoto wa mbwa hana kanuni ya vinne wala daftari. Anayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo kwetu kijijini sijawahi kumsikia mtu akiitaja. Na mtoto wa kibinadamu wa miaka mitano amekaa pale jikoni anaangalia. Anajifunza kwamba kiumbe kidogo kikikosea bila kujua, kinapigwa. Hilo somo analishika vizuri sana, kuliko mbwa anavyoshika lake.

Msiniambie pia kwamba haya ni mambo ya wazungu. Hapo Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000. Shirika lilianzishwa na Wabelgiji, sawa, lakini wanaowafundisha panya siku kwa siku ni Watanzania wenzetu. Panya hao wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kunusa makohozi yenye kifua kikuu. Wanafundishwaje? Kwa mlio mdogo, "klik", na kipande cha ndizi. Akinusa sawa, klik, ndizi. Akikosea, hapati ndizi, basi, maisha yanaendelea. Panya mmoja aliyezaliwa pale, Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini na silaha nyingine ambazo hazijalipuka, jumla zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA. Alikufa Januari 2022 akiwa mstaafu mwenye heshima zake. Sasa kama PANYA amefundishwa kutafuta bomu kwa ndizi, wewe unashindwaje kumfundisha mbwa kukojoa nje kwa tonge la ugali?

Na mbwa wenyewe wamechunguzwa. Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza, Hiby na wenzake, waliwauliza watu 364 wenye mbwa jinsi walivyowafundisha mambo mbalimbali, na kujisaidia nje lilikuwa mojawapo. Mbwa waliofundishwa kwa thawabu walikuwa wasikivu zaidi, na mbwa wa watu wanaotumia adhabu walikuwa na matatizo mengi zaidi ya tabia. Hilo halithibitishi peke yake kwamba adhabu ndiyo iliyoleta matatizo, najua, nimesoma somo la utafiti. Lakini linatosha kumnyima mtu wa fimbo haki ya kusema "mbona inafanya kazi".

Ila jambo linalonifanya niandike haya kwa hasira kidogo ni kichaa cha mbwa.

Mnajua chanjo ya mbwa vijijini inavyofanyika. Linatoka tangazo, siku fulani, mahali fulani, kila mwenye mbwa amlete. Hakuna daktari wa mifugo atakayezunguka boma kwa boma akimkimbiza mbwa wako kwenye mahindi. Anayemleta mara nyingi ni mtoto, na kamba mkononi. Sasa mbwa aliyezoea kwamba mkono ukimkaribia unaumiza, nani atamfunga kamba? Ataruka ukuta. Au atang'ata, na atakayeng'atwa ni yule mtoto mwenye kamba. Wataalamu wanasema ili ugonjwa huu ukatike inabidi mbwa kama asilimia 70 wa eneo wachanjwe, tena wa umri wote, hata wadogo. Kila mbwa asiyeshikika anapunguza hiyo 70. Na kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna hospitali, iwe Mbulu, iwe Haydom, iwe Muhimbili, itakayokurudisha. Kinachookoa ni kuosha kidonda kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha kwenda kuchomwa chanjo bila kuchelewa na bila kupitia kwa mganga kwanza.

Mwaona sasa? Tulianza na mkojo jikoni, tumefika kwenye kaburi la mtoto. Njia kati ya hivyo viwili ni fupi: mkono. Mkono ule ule unaomfundisha mtoto wa mbwa ndio atakaouogopa au kuuamini siku ya sindano.

Haya, mtasema nalalamika tu bila suluhisho. Suluhisho hili hapa, na halina gharama. Nyumbani mdogo wangu wa darasa la nne ndiye aliyelifanya. Mimi nilimpa maelezo tu, akaandika ratiba kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni (mama hakufurahi).

1. Saa za kutoka. Akiamka, nje. Akimaliza kula, nje, kwa maana haja inakuja kati ya dakika 5 na 30 baada ya chakula. Akitoka kucheza, nje. Kabla ya kulala, nje. Mchana akiwa mdogo, kila saa moja au mbili. Usiku mara moja angalau, na kwetu kwa ajili ya fisi unatoka na tochi na mtu mzima, unasimama naye hapo hapo mlangoni.

2. Mahali pamoja. Siku zote kona ile ile ya uwanja. Harufu ya jana inamkumbusha kazi ya leo. Simama naye kimya, usimchezeshe, mpaka amalize.

3. Thawabu pale pale. Amemaliza tu, msifu na mpe kitonge cha ugali au dagaa mmoja. PALE PALE kwenye kona. Ukimpa mkisharudi ndani umemlipa kwa kurudi ndani, hujamlipa kwa kujisaidia nje.

4. Chakula kwa saa. Mtoto wa mbwa ale mara tatu au nne kwa siku, saa zile zile, si sufuria la makombo lililokaa kutwa nzima. Kinachoingia kwa ratiba kinatoka kwa ratiba.

5. Malazi madogo usiku. Boksi au tenga lenye gunia kuukuu, linalomtosha kulala tu. Hapendi kuchafua anapolala, kwa hiyo atalia. Akilia ndiyo anakuomba ruhusa. Amka.

6. Ukimkuta katikati ya tendo, piga kofi moja dogo la mikono yako mwenyewe (ya kwako, si la kwake!), mbebe, mpeleke nje amalizie, msifu. Ukikuta ameshamaliza kitambo, umechelewa. Safisha, nyamaza.

7. Safisha vizuri. Sakafu ya sementi, maji na sabuni, halafu siki kidogo kama ipo. Dawa za kusafishia zenye harufu ya amonia achana nazo, zinafanana na mkojo. Sakafu ya udongo, chota udongo uliolowa ukautupe, weka mkavu. Harufu ikibaki, kesho atarudi hapo hapo. Kinyesi kitupe kwenye shimo la choo au kifukie siku hiyo hiyo. Mayai ya minyoo ya mbwa yakikaa kwenye udongo wiki kadhaa yanakuwa tayari kumwambukiza yule mtoto wenu anayetambaa. Na mbwa mwenyewe apewe dawa ya minyoo tangu akiwa na wiki mbili.

Matokeo? Wiki ya kwanza Simba (ndiyo, Simba, kama nusu ya mbwa wa kata nzima) alikojoa ndani kila siku. Wiki ya tatu ilikuwa mara mbili tu. Nilipokuwa nafunga begi kurudi chuo alikuwa anakwenda mwenyewe mlangoni, anakwaruza na kulia. Hajawa malaika. Wengi wanafika miezi minne hadi sita ndipo unaweza kusema wameiva. Lakini mdogo wangu akimwita anakuja mbio, na ukimshika miguu na masikio anatulia. Huyo siku ya chanjo hana shida.

Najua mtakayonijibu, kwa hiyo nimalizie hapo.

"Samaki mkunje angali mbichi." Naam, na mimi naipenda sana methali hii. Imesema MKUNJE. Haikusema mvunje. Na kukunja kunataka samaki awe laini mkononi mwako, si amekakamaa kwa woga.

"Mbwa asiyepigwa hatakuwa mkali, wezi watatuibia." Mbwa habwekei mwizi kwa sababu ulimchapa kwa ajili ya mkojo. Anambwekea kwa sababu hamjui, na kwa sababu boma ni lake na ninyi ni watu wake. Mbwa anayewaogopa wenye nyumba hana cha kulinda. Wale wanaompa mbwa pilipili ili awe mkali nao wangeacha tu, wanampa maumivu ya tumbo, halafu wanashangaa anaharisha ndani.

"Mbwa ndani ya nyumba ni najisi." Ndugu zangu ambao dini yenu inawaelekeza mbwa akae nje, sina ugomvi nanyi hata kidogo. Akae bandani, ila fimbo msimpe hata huko. Na hata kwetu lengo la haya yote ni kwamba akishakua atoke akalinde boma.

"Hatuna muda, tuna mashamba." Hii ndiyo hoja pekee ninayoiheshimu. Mama mwenye watoto watano, ng'ombe, na jembe linalomsubiri, hana muda wa kusimama na mbwa kwenye kona. Lakini hesabu vizuri. Dakika tano mara nane kwa siku ni dakika 40, na zinagawanywa kwa watoto wa nyumba wanaompenda huyo mbwa tayari. Fimbo nayo ina muda wake: kusafisha kila asubuhi kwa miezi, kufua, kuanika gunia lililolowa, kumkimbiza mbwa siku ya chanjo, kupanda basi kwenda kutafuta sindano ya mtoto aliyeng'atwa. Nani kati yetu hana muda?

Wadau, mwezi ujao wengi wetu tunarudi makwetu. Kuna watakaokuta mbwa amezaa. Wewe ndiye msomi wa nyumba, watakusikiliza hata wakikucheka, mimi walinicheka hadi mzee mmoja akaniuliza, kwa Kiiraqw, natafsiri: "Mwanangu, serikali imekukopesha hela ukasomee kukojolesha mbwa?" Nikamwambia shikamoo mzee, ndiyo, na hilo nalo limo. Akacheka sana. Wiki iliyofuata mjukuu wake alikuja kwetu kunakili ile ratiba ya mkaa.

Mchukueni naye nje kitoto chenu. Simameni kwenye kona. Bebeni dagaa mfukoni. Fimbo tieni jikoni, inawaka vizuri sana, hasa mwezi wa saba.

Nawakilisha.